Mtoto yuko ICU anasafishwa damu: namna ya kumlisha, hatua kwa hatua

Naandika haya kwa ajili ya wazazi, mashangazi na mabibi wanaokesha kando ya kitanda, na kwa manesi wenzangu wa huku kwetu Tanga, Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto. Mtoto wa huku figo zikigoma mara nyingi kinachofuata ni rufaa, iwe Moshi iwe Dar, kutoka Tanga mjini ni zaidi ya kilomita 300 upande wowote, na familia inafika kule imechoka, haijui pa kuanzia, na swali la kwanza wanaloniuliza wakinipigia simu ni lilelile: "dada, sasa ale nini?" Mimi kazi yangu ni lishe ya wagonjwa, na neno langu ni moja, mtoto aliye kwenye dayalisisi, yani anayesafishwa damu kwa sababu figo zimegoma, anahitaji chakula kingi zaidi, hasa protini, sio kidogo.

Najua wengi mmesikia kinyume chake, na mimi mwenyewe nilifundishwa kinyume chake. Zamani mtoto yurea, yani uchafu wa protini ambao figo zilitakiwa kuutoa kwenye damu, ikipanda tulikuwa tunampunguzia protini ili yurea ishuke, tunampa uji mwepesi na glukozi, yurea inashuka kweli kwenye karatasi lakini mtoto anaisha mikononi mwetu, mapaja yanalegea, kifua kinakosa nguvu ya kupumua. Nilimlisha mtoto mmoja hivo kwa siku tisa. Bado namkumbuka.

Shida ni kwamba chujio la dayalisisi halina macho. Linatoa yurea na potasiamu tunazotaka zitoke, lakini hapohapo linatoa amino asidi, yani matofali ya protini, linatoa vitamini zinazoyeyuka kwenye maji, linatoa fosfeti na madini madogomadogo kama seleniamu na shaba. Juu ya hapo mtoto mahututi mwili wake unavunja misuli yake wenyewe ili upate nguvu ya kupigana na ugonjwa, iwe malaria kali, iwe kuhara kulikomkausha maji, iwe maambukizi kwenye damu. Kwaiyo anapoteza kwa milango miwili, na sisi tukifunga mlango wa kuingizia ndo tumemmaliza.

Namba nitakazotoa humu ni za kukusaidia uelewe na uweze kuuliza maswali ya maana kwa daktari na afisa lishe wa wodi, usizitumie kumbadilishia mtoto chakula kimyakimya.

Hatua ya kwanza, jua anasafishwa kwa njia gani

Usione aibu kuuliza. Kuna njia tatu na kila moja ina chakula chake.

Ya kwanza ni mashine inayosafisha damu kwa masaa machache, halafu mtoto anapumzika mpaka siku nyingine. Hapa katikati ya vipindi potasiamu, fosfeti na maji vinajaa tena, kwaiyo vyakula vyenye potasiamu nyingi vinabanwa. Ya pili ni mashine inayozunguka polepole saa 24, hii ipo hospitali chache sana, na yenyewe inatoa vitu mfululizo mpaka fosfeti na potasiamu zinaweza kushuka chini kupita kiasi, yani mtoto wa hivi unaweza kukuta anaongezewa kile ambacho mwenzake wa kitanda cha pili anakatazwa. Wazazi wawili wakikaa kwenye benchi la nje wakipeana ushauri wanachanganyana hapo hapo.

Ya tatu ni kusafisha kwa tumbo. Anawekewa katheta, yani mpira mwembamba, tumboni, maji maalumu yenye glukozi yanaingia, yanakaa, yanatoka na uchafu. Kwa watoto wadogo njia hii inatumika sana maana haihitaji mashine kubwa wala mshipa mkubwa. Ila ina mambo mawili ya lishe ambayo lazima uyajue. Protini inavuja kwenda kwenye yale maji, na mtoto akiwa mdogo zaidi ndo inavuja nyingi zaidi kwa kila kilo yake. Na glukozi ya yale maji inaingia mwilini, ni kalori hizo. Tuchukue maji ya asilimia 1.5, kila lita ina gramu 15 za glukozi. Mtoto wa kilo 10 akiingiziwa mililita 200 kila saa, kwa siku ni lita 4.8, ndani yake gramu 72 za glukozi, ikinyonywa theluthi tu ni gramu 24, sawa na kalori kama 80. Sukari ya damu inaweza kupanda, ipimwe. Na mtoto anaweza kuonekana mashavu yamejaa kumbe misuli inaondoka, maana glukozi haijengi misuli.

Hatua ya pili, mpime vizuri na beba kadi ya kliniki

Mtoto ambaye figo zimegoma anajaa maji, kwaiyo mizani inadanganya. Uzito unaotakiwa kwenye hesabu ya chakula ni ule wa kabla hajavimba, na ule unapatikana wapi? Kwenye kadi ya kliniki! Ile kadi mama anaiacha nyumbani kabatini kwa sababu mambo yametokea usiku na gari ya wagonjwa imeshafika. Nakuomba sana, mtoto akipata rufaa beba kadi, au piga picha kurasa zote kwa simu, maana yule daktari wa Moshi hajawahi kumuona mwanao akiwa mzima.

Pili, utepe wa kupima mzunguko wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kati. Mkono hauvimbi upesi kama miguu na uso, kwaiyo unasema ukweli zaidi kuliko mizani. Upimwe siku ya kwanza, halafu kila wiki, mkono uleule.

Kama yuko chini ya 11.5 mwambie daktari kwa sauti, kwa sababu mtoto aliyekonda sana akilishwa kwa pupa fosfeti, potasiamu na magnesi za kwenye damu zinakimbilia ndani ya seli na moyo unaweza kusimama. Huyu anaanza kidogokidogo, anapewa vitamini B1 kabla, na vipimo vya damu kila siku. Na hapa kuna jambo la kuangaliwa: maziwa ya F-75 na F-100, yale ya wodini ya kutibu utapiamlo mkali, yamewekewa potasiamu makusudi, kwa sababu mtoto wa utapiamlo anakuwa ameishiwa nayo mwilini, sasa kama huyuhuyu figo hazitoi mkojo na potasiamu yake iko juu, asipewe kwa mazoea tu ya wodi, daktari na afisa lishe wakae waamue.

Hatua ya tatu, bajeti ya maji

Hapa ndo vita yenyewe ilipo. Mtoto asiyekojoa anapangiwa maji ya siku, na humo ndani yamo yote: dripu, dawa za sindano, maji ya kusuuzia mpira wa kulishia, na maziwa. Ikifika jioni dawa zimekula nafasi yote, maziwa yanakatwa. Nesi mwenzangu, tafadhali, dawa ya mshipa ichanganywe kwenye kiasi kidogo kinachoruhusiwa, dripu isiyo na kazi itolewe. Na mzazi una haki ya kuuliza hivi: "daktari, inawezekana dayalisisi itoe maji zaidi kidogo ili mtoto apate nafasi ya maziwa?" Swali hilo ni la akili kabisa. Moja ya faida kubwa ya kumuweka mtoto kwenye dayalisisi ni kwamba unatengeneza nafasi ya kumlisha, sasa ukimuweka halafu ukaendelea kumbana chakula kama vile hayuko kwenye dayalisisi umepoteza nusu ya faida.

Hatua ya nne, hesabu ya kalori na protini

Nichukue mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, kilo 10. Mwili wake ukiwa umelala tu unatumia kalori kama 560 kwa siku, na mtoto mahututi wa kitandani hatumwongezei juu ya hapo kwenye siku za mwanzo, akizidishiwa nako ni kumuumiza. Lengo ni afike angalau theluthi mbili ya kalori hizo kabla wiki ya kwanza haijaisha. Protini isiwe chini ya gramu 1.5 kwa kila kilo, yani gramu 15 kwa siku kwa huyu wetu, na akiwa kwenye ile mashine ya saa 24 mara nyingi inapandishwa mpaka gramu 2 hadi 3 kwa kilo, yani 20 mpaka 30.

Sasa tuone. Tuseme amepewa nafasi ya mililita 480 za chakula kwa siku. Ukimpa maziwa ya mama matupu anapata kalori kama 320 na protini kama gramu 5 tu. Ongeza vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kupikia, kalori kama 85. Ongeza unga wa maziwa yenye mafuta gramu 20, kalori 100 na protini gramu 5. Jumla tuko kwenye kalori 505 na protini gramu 10. Kama anasafishwa kwa tumbo ongeza zile 80 za glukozi, tumevuka lengo la kalori vizuri kabisa! Lakini protini bado gramu 10, tumepungukiwa theluthi nzima. Ndo maana nasema kalori zinaweza kutimia na mtoto akaendelea kukonda misuli, na ukiangalia faili unaona "amelishwa vizuri".

Hizo gramu 5 zilizobaki zinatoka wapi? Kama anaweza kumeza, yai moja lililoiva sana lina gramu 6. Kama analishwa kwa mpira, uliza unga wa protini wa hospitali au maziwa maalumu. Usipitishe yai bichi kwenye mpira, nimekuta bibi anakoroga yai bichi na maziwa kwenye kikombe ili "mjukuu apate nguvu", nikamwambia shikamoo bibi, nia yako njema lakini hili linaleta vijidudu na litaziba mpira. Na kumbuka unga wa maziwa ya ng'ombe una potasiamu na fosfeti nyingi kuliko maziwa ya mama, kwaiyo kiasi chake kinafuata majibu ya damu.

Maziwa ya mama yasikatwe. Yana fosfeti na potasiamu kidogo kuliko ya ng'ombe, tumbo linayapokea upesi, yana kinga. Mama akamue kila masaa matatu hata kama mtoto yuko kwenye mashine ya kupumulia, maziwa yaandikwe saa, na kwa joto la huku pwani yawekwe kwenye friji moja kwa moja. Na mama naye ale! Mama asiyekula wala kulala maziwa yanashuka, kwaiyo shangazi akija na hotpoti ampe mama kwanza.

Hatua ya tano, kuanza kulisha kwa mpira

Chakula kianze ndani ya masaa 24 mpaka 48 tangu aingie ICU, mradi presha yake imetulia na utumbo haujaziba wala kutoboka. Lishe ya mshipani sio ya kukimbilia siku ya kwanza, utumbo ukifanya kazi tumia utumbo.

Mpira ukishawekwa kuna alama puani, iandikwe namba yake. Kabla ya kila mlo angalia alama iko palepale, vuta kidogo kwa bomba la sindano, dondoshea kwenye karatasi ya kupimia asidi, ikisoma 5.5 au chini endelea, ikiwa juu simama umwite mwenzako. Usimwage maziwa kwenye mpira usiojua uko tumboni au kwenye mapafu. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 mpaka 45.

Kwa mtoto wetu wa kilo 10 anza mililita 10 kwa saa, yani mililita 1 kwa kilo, kila baada ya masaa manne mpaka sita ukiona ametulia panda kidogo, mpaka ufike 20 kwa saa. Kama hakuna pampu unatumia bomba lenyewe. Toa kile kijiti cha kusukumia, chomeka bomba tupu kwenye mpira, mimina maziwa taratibu, shika bomba juu ya tumbo la mtoto kama urefu wa kiganja chako na kifundo, uangalie maziwa yanavyoshuka yenyewe. Yakishuka haraka teremsha mkono, yakisimama inua kidogo. Usisukume. Utasimama hapo dakika 15, mkono unauma, mtoto anameza mate, vidole vyake vya mguu vinacheza kidogo, na hapo ndo unajua anapokea.

Akiwa anasafishwa kwa tumbo, maji yakiwa ndani tumbo linabana juu na atatapika upesi, kwaiyo milo midogo midogo, na kama inawezekana mimina wakati maji yametoka. Akiwa kwenye mashine ya masaa machache, presha inaweza kushuka kipindi cha mashine, mlo mkubwa usiangukie hapo. Kutapika mara moja sio sababu ya kusimamisha chakula siku nzima, rudi nyuma hatua moja kisha panda tena. Tumbo likiwa gumu na limejaa, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, au maji ya dayalisisi yakitoka na ukungu, hapo simamisha na umwite daktari.

Hatua ya sita, potasiamu, na hapa namuongelea mtu wa pwani

Madafu. Nayapenda, sote tumekua nayo, na mtu akiumwa huku kwetu kitu cha kwanza ni dafu "lisafishe figo". Kwa mtoto ambaye figo hazifanyi kazi dafu linaweza kuua, na silisemi hili kumtisha mtu. Mililita 100 za maji ya dafu zina potasiamu kama miligramu 250. Dafu moja la mililita 400 ni miligramu 1000. Mtoto wa kilo 10 anayebanwa potasiamu anapangiwa kati ya miligramu 400 na 1200 kwa siku nzima, vyakula vyote, kwaiyo dafu moja limekula siku yake na potasiamu ikipanda ghafla moyo unapoteza mapigo. Nilikuta chupa ya maji ya kunywa chini ya kitanda, nikaifungua nikanusa, dafu. Mama alikuwa anamlowanisha mtoto midomo kwa kitambaa, ameambiwa na jirani. Sikumgombeza, nilikaa naye chini tukahesabu pamoja, akalia, akaelewa, na kesho yake yeye ndo alikuwa anawaambia wengine.

Vingine vya kubana kwa muda: machungwa na juisi yake (najua Muheza yamejaa), ndizi, parachichi, muhogo, viazi, kisamvu na mchicha. Viazi na mboga ukivikata vidogo ukavichemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga, potasiamu inapungua sana, ila supu yake usiinywe. Tui zito nalo lina potasiamu, tumia jepesi kidogo tu. Chumvi mbadala ya dukani usiiguse, ni potasiamu yenyewe. Na mbirimbi, iwe kwenye mchuzi wa samaki au achari, weka pembeni kabisa, ina oksaleti nyingi inayoumiza figo.

Anayemeza ale nini? Wali mweupe, uji wa mchele wenye mafuta na sukari, mkate, kipande cha changu kilichochemshwa bila chumvi nyingi, ute wa yai, kuku, kipande cha nanasi la Kiwangwa. Dagaa waache kwanza, wana fosfeti nyingi na chumvi. Soda za rangi nyeusi pia.

Vitamini na madini nitapita haraka. B zote, foliki asidi na vitamini C zinatoka na dayalisisi, zirudishwe kwa dozi ya daktari. Vitamini A ni kinyume, figo zikigoma inabaki mwilini, kwaiyo siku ya matone ya vitamini A mwambie mhudumu kwamba mtoto yuko kwenye dayalisisi kabla hajafungua mdomo.

Kila siku, uliza vitu vinne

Mzazi nunua daftari dogo. Andika maziwa aliyopangiwa na aliyopata kweli, maana yale ya kwenye karatasi na yale ya tumboni mara nyingi hayalingani, chakula kinasimamishwa kwa ajili ya picha, kwa ajili ya kubadilisha mpira, kwa ajili ya mashine, na hakuna anayerudisha kilichokosekana. Uliza potasiamu, fosfeti na sukari leo ngapi. Uliza mkojo wake. Uliza protini yake imefika gramu ngapi. Ukiuliza hilo la mwisho kwa upole siku tatu mfululizo, siku ya nne utakuta limeandikwa kwenye faili kabla hujauliza.

Figo zikianza kurudi

Mkojo ukirudi unaweza kuja mwingi sana, na potasiamu na maji vinaondoka navyo, hapo yale makatazo yanalegezwa kwa kufuata vipimo. Mwambie daktari akuandikie kwenye karatasi ya ruhusa kipi kimeruhusiwa na kuanzia lini, kwa sababu nawaona watoto wamepona figo miezi sita iliyopita na nyumbani bado wananyimwa ndizi, maharage na samaki, wamekonda, mkono sentimita 12, eti "ana figo huyu". Mpeleke kliniki ya karibu kila wiki mwezi wa kwanza, apimwe uzito, mkono na presha, na ile kadi iendelee kujazwa kuanzia pale ilipokatikia.